Mpwa Wangu Alikuwa Goli

Kabla mpwa wangu hajaanza shule, wavulana wa kijiji chetu cha Mtua walikuwa wanatumia matofali mawili kama goli. Alipofika darasa la pili hawakuyahitaji tena. Walimsimamisha mwisho wa uwanja, visigino vimegusana, na katikati ya magoti yake ilibaki nafasi ambayo mpira wao wa nailoni na kamba ulipitia bila kugusa upande wowote. Ukipita, uwanja mzima ulilipuka: "Tobo!" Na sauti iliyosikika kuliko zote ilikuwa ya goli lenyewe.

Nilikuwa nafundisha shuleni hapo kwa kujitolea. Nilisoma ualimu wa sayansi chuo kikuu, na kama wengi niliomaliza nao nilikuwa nasubiri ajira ambayo haikuwa na haraka na mimi. Dada yangu, mama wa huyo mtoto, alinipa chumba cha uani. Kwetu sisi Wamwera mjomba si mgeni kwa dada yake. Likitokea jambo zito juu ya mtoto, baba atasema lake, halafu watu watageuka na kumtazama mjomba. Mimi ndiye niliyekuwa mjomba, sina mke, sina mshahara, na nina tabia ya kuuliza maswali ambayo dada aliifananisha na kuwashwa. "Wewe huwezi kukaa bila kujikuna," alikuwa akisema.

Wakati huo ukaja mradi wa maziwa. Gari jeupe lilishusha maboksi ya pakiti ndogo, na mama mmoja aliyevaa fulana ya mradi akatueleza walimu kwamba maziwa hayo yameongezwa vitamini D, kwa sababu watoto wa shule wanaonekana kuwa na upungufu, na upungufu huo unalainisha mifupa. Kila mtoto angekunywa pakiti yake shuleni, wakati wa mapumziko ya saa nne. Kubeba nyumbani hakuruhusiwi.

Nilinyoosha mkono. "Vitamini D mwili unaitengeneza wenyewe ukipigwa na jua," nilisema. "Nje hapo bati la choo linachoma mkono. Upungufu unatoka wapi?"

Yule mama alitabasamu kwa uchovu. "Mwalimu, mimi nasambaza maziwa. Upungufu wameupima wataalamu."

"Wamewapima watoto wa hapa?"

"Wamepima watoto," alisema.

Mwalimu mkuu, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alinikanyaga mguu chini ya meza. Gari lilipoondoka akaniambia: "Mdogo wangu, ukipewa kitumbua unauliza mchele umelimwa wapi?"

"Nauliza kama nina njaa, mwalimu."

"Basi nenda kawaulize watoto wako kama wana njaa."

Wengi walikuja shuleni na uji mwepesi tumboni, na wengine bila chochote.

Wazazi walikuwa na mashaka ya namna nyingine. Huku kwetu hatukukua na maziwa. Ng'ombe wamekuja juzi tu, na wafugaji wanaotazamana na wakulima kwa macho mabaya, na maziwa yao yanauzwa kwenye chupa za maji barabarani. Kwenye kikao cha wazazi mzee mmoja alisimama na kusema kwamba mtoto wa Kimwera akinywa maziwa anaharisha, na kwamba maziwa yaliyoongezwa kitu ni mabaya zaidi, kwa sababu hicho kitu hakionekani. Mwingine akadakia kwamba ni dawa ya kufunga uzazi. Mwalimu mkuu alinisukuma mbele. "Huyu kasoma. Atakunywa mbele yenu."

Nikanywa. Yalikuwa na ladha ya boksi.

"Na wewe huna mtoto mpaka leo," alisema mama mmoja wa mstari wa nyuma. "Utajuaje kama yamekufunga?"

Kikao kizima kilicheka, na baada ya kicheko kile wengi walikubali. Sijui kama walishawishika au walichoka kukaa juani. Wazee wale walikuwa na haki ya kutilia shaka kitu wasichokiona, na mradi ule ulikuwa na haki ya kuonekana una maana. Nilichoshindwa kukiona hata mimi ni kile kilichokuwa kinalala chumba cha pili kutoka changu.

Nyumba ya dada imezungukwa na mikorosho ya shemeji. Matawi yanagusa bati. Kuanzia mwezi wa sita, kabla ya jua kutoka, wakati umande bado uko kwenye majani na upepo haujaanza, shemeji na vijana wake hubeba mashine mgongoni na kupulizia salfa. Unga wa njano unapanda juu ya mikorosho, unatulia kwenye maua, na unatulia pia kwenye vyombo, kwenye nguo zilizoachwa kambani, kwenye kope. Bila salfa ukungu unakula maua na hakuna korosho. Bila korosho hakuna ada, hakuna bati, hakuna kitu. Watu wa wilaya yetu ya Nachingwea hawajadili salfa, kama wasivyojadili mvua.

Mpwa wangu alizaliwa na kifua kibaya. Alipokuwa mchanga, pumu ilimbana msimu wa kupulizia mpaka midomo ikabadilika rangi, na muuguzi akamwambia dada: mtoto huyu mweke mbali na vumbi. Dada alitii kuliko alivyoambiwa. Alitundika turubai kwenye dirisha la chumba chao. Alijaza vitambaa kwenye nyufa za mlango. Mtoto alifungiwa ndani msimu wa salfa, na msimu wa salfa ulipokwisha akafungiwa kwa sababu ya vumbi la kiangazi, na mvua zilipokuja akafungiwa kwa sababu ya baridi. Siku alizotolewa nje alikaa chini ya mikorosho, kwenye kivuli, kafunikwa kanga mpaka kichwani. Dagaa walimkwaruza koo na kumkoholesha, wakaondolewa. Mboga za majani alizitema. Alikula ugali wa muhogo, mchuzi wa kunde, na tena ugali. Kifua kikatulia. Dada alijivunia hilo, na alikuwa na sababu, maana walizikwa watoto wa majirani kwa vifua vya aina hiyo na wake akabaki.

Alichelewa kutembea. Alipotembea, miguu ikapinda taratibu, kama miche inayotafuta mwanga, ila huyu hakuwa na mwanga wa kutafuta. Watu walisema ni matege tu, yatanyooka akikua. Shule ndiyo iliyomtoa nje, na akirudi alifungiwa tena.

Haya yote niliyajua vipande vipande, kama mtu anavyojua habari za nyumba anayoishi. Niliyaunganisha siku moja darasani, nikiwaeleza darasa la saba kazi ya jua kwenye mwili. Msichana mmoja aliuliza: "Je, na mtu ambaye hatoki nje, mwalimu?" Nilianza kumjibu kwa sauti ya kawaida. Katikati ya sentensi nikaliona lile turubai.

Jioni nilimwambia dada. Alikuwa anachambua mchele, na mikono yake haikusimama.

"Unaniambia nimemlemaza mwanangu?"

"Nakuambia alikosa jua, dada."

"Angepata jua angekuwa kaburini. Uliza mama. Uliza baba yake. Ulikuwa chuo wewe, unakula chipsi, mimi nimemshika mtoto anatafuta hewa." Akapepeta ungo kwa nguvu, makapi yakanirukia. "Haya, msomi, sema. Ningefanyaje?"

Swali hilo mpaka leo sijalipatia jibu. Nimewahi kuwauliza watu wenye elimu kuliko yangu, na wote wananiambia kitu ambacho dada asingeweza kukifanya: wangehama, wangemlisha hivi na vile, wangempeleka mjini. Hakuna anayesema wangeacha kupulizia salfa.

Tulimpeleka hospitali ya Ruangwa, kwa kuwa mama yetu anaishi Matambarale na tungeweza kulala kwake. Njia nzima mtoto alikaa katikati yetu kwenye pikipiki, akihesabu jezi za timu ya mpira ya huko. Kila mtu alikuwa amevaa, hata mwanamke aliyekuwa anauza ndizi. Daktari, kijana wa rika langu, alimlaza, akamgusisha visigino, akaingiza ngumi yake katikati ya magoti. Ngumi iliingia yote na kutoka.

"Anakunywa maziwa?" aliuliza.

"Shuleni," nilisema. "Yana vitamini D."

"Vizuri. Lakini yale ni ya kuzuia. Huyu ameshaumwa, anahitaji dawa." Aliandika matone na vidonge vya kalsiamu. "Dawa atameza nyumbani, maziwa anywe kila siku bila kukosa, apate jua la kutosha. Ana miaka minane. Bado anakua, kwa hiyo mifupa inaweza kujirekebisha kiasi. Lakini muda huo una mwisho. Mifupa ikikomaa ikiwa imepinda, itakuwa migumu na imepinda. Hapo ni kukata na kuunga, na hiyo si ya hapa."

Dada aliuliza swali moja tu. "Na kifua?"

"Kifua mtamlinda pia," daktari alisema, na alikuwa na heshima ya kuangalia pembeni aliposema hivyo.

Usiku ule wa Matambarale walinigeukia. Mama alitaka mtoto abaki kwake, ambako kumelimwa ufuta na mahindi na mikorosho iko mbali na nyumba. Lakini shule ya pale haikuwa kwenye mradi. Mtua kulikuwa na maziwa na salfa, Matambarale kulikuwa na jua na hewa bila maziwa. "Mjomba wake aseme," alisema mama. Nikasema arudi Mtua mpaka msimu wa kupulizia ukaribie, anywe maziwa, ndipo aende kwa bibi. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Dada alinitazama kwa muda, akakubali.

Tuliporudi, aliondoa turubai kwa mikono yake. Chumba kilionekana kidogo kikiwa na mwanga, na kwenye ukuta kulikuwa na alama za vidole vya mtoto, mstari mrefu, kwenye urefu wa mtu anayejishikiza ili asianguke.

Kilichobaki kilikuwa ule mchezo. Dada aliusikia kwa majirani akaja shuleni kashikilia kanga kiunoni, tayari kwa vita. Alisimama pembeni ya uwanja akaona mpira ukipita katikati ya miguu ya mwanawe na watoto wakipiga kelele.

"Wanamfanya tofali," aliniambia. "Na wewe mwalimu unaangalia."

"Yuko juani, dada. Nusu saa, kila siku. Wapi pengine atasimama juani nusu saa bila kulazimishwa?"

"Kwa hiyo hii ndiyo dawa."

"Ni sehemu ya dawa."

Aliangalia tena. Mtoto alikuwa ameinua mikono juu, anashangilia bao alilofungwa. Wavulana walimzunguka, mmoja akagonga naye tano. Kabla ya hapo hakuwa na rafiki, kwa sababu mtoto wa ndani hana rafiki. Dada akaondoka bila kupigana na mtu. Sikumwona akigeuka.

Miezi ikapita. Kila Jumapili baada ya kuoga, dada alimlaza kwenye mkeka, akagusisha visigino, akaingiza ngumi. Nilikuwa najua matokeo kwa jinsi alivyoitoa. Ngumi iliendelea kupita. Alimeza matone, alimeza vidonge, nilimhakikishia dada kuhusu maziwa. Nilianza kushuku maziwa yenyewe. Je, hicho kinachosemwa kimeongezwa kimeongezwa kweli? Je, kinadumu kwenye stoo yenye bati, kwenye joto hili? Nilimwuliza mama wa mradi alipokuja. Akaniambia pakiti zina tarehe. Nikamwambia tarehe si kipimo. Mwalimu mkuu akanikanyaga tena.

Basi nikaanza kukaa mwishoni ndani ya darasa la pili wakati wa mapumziko, nikitaka kuona jinsi maziwa yanavyohifadhiwa na kugawiwa. Nikaona kitu kingine. Mpwa wangu alipokea pakiti yake, akaitoboa kwa mrija, akapeleka mdomoni mwalimu alipokuwa anatazama. Mwalimu alipogeuka, pakiti ilipita chini ya dawati mpaka kwa mvulana wa nyuma, aliyeifyonza yote kwa pumzi moja. Mvulana huyo alikuwa mmoja wa wenye mpira.

Nilimwita nyuma ya darasa.

"Unampa kila siku?"

Alichora mchanga kwa kidole cha mguu. "Yananuka, mjomba."

"Hata uji wa bibi unanuka moshi na unakunywa. Niambie ukweli."

Uwanjani walikuwa wanamwita: goli, we goli, njoo bwana!

"Mama anasema nikinywa nitanyooka," alisema.

"Ndiyo."

"Nikinyooka watarudisha matofali."

Nimesoma saikolojia ya elimu muhula mzima. Nilipasi vizuri. Nilisimama pale nikiwa na shahada yangu, na mtoto wa miaka minane ananieleza hesabu ambayo haikuwa na kosa. Alikuwa ameishi miaka yote kwenye giza kwa ajili ya kifua chake. Hatimaye alikuwa amepata mahali pa kusimama, na mahali hapo palikuwa na ukubwa wa mpira.

"Utakuwa kipa," nilimwambia.

"Kipa anaruka, mjomba." Alinitazama kama vile mimi ndiye mtoto. "Mimi siwezi kuruka."

Nilimwambia dada. Nilitegemea atamchapa, au atanichapa mimi. Alikaa kwenye kigoda, akafunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika, na mwanzoni sikujua kama analia au anacheka. Nadhani ilikuwa yote mawili. Kuanzia siku iliyofuata alikuwa anatembea kutoka nyumbani mpaka shuleni, anasimama dirishani saa nne, na mtoto alikunywa huku wanatazamana. Watoto wengine walimwita dada "askari wa maziwa". Alijibu, "Ndiyo, na rungu ninalo." Nadhani zilikuwa wiki chache tu alizokunywa kwa ukamilifu. Halafu muda wa mradi ukaisha. Maboksi ya mwisho yaligawiwa, gari jeupe halikurudi, na pakiti tupu zilibaki zikipeperuka nyuma ya vyoo. Msimu wa kupulizia nao ukakaribia, na mtoto akapelekwa Matambarale kama nilivyosema. Alikaa juani kwa bibi. Alikunywa vidonge mpaka vikaisha, vikanunuliwa vingine, vikaisha.

Msimu ulipopita tulirudi Ruangwa. Daktari alikuwa yule yule. Alitazama picha ya mifupa kwenye mwanga wa dirisha, akaiweka juu ya ile aliyompiga safari ya kwanza, akaitoa.

"Ugonjwa umesimama," alisema. "Mifupa imekuwa migumu. Hii ni habari nzuri."

"Na kunyooka?" aliuliza dada.

"Mguu wa kushoto umejitahidi. Wa kulia…" Alionyesha kwa kidole ule upinde mweupe. "Huu umekomaa hivi. Akifika umri, mtafute upasuaji. Msikate tamaa."

Dada hakuuliza upasuaji unafanyika wapi wala unahitaji nini. Aliingiza ngumi katikati ya magoti ya mwanawe, pale pale kitandani, mbele ya daktari. Ilikwama kidogo kwenye vifundo vya vidole. Akaisukuma. Ikapita.

Mtoto alikuwa anafuatilia nyuso zetu. "Kwa hiyo bado?" aliuliza, na niliogopa kwa jinsi alivyofurahi.

Jumatatu alirudi uwanjani. Nilikuwa kwenye baraza la ofisi. Alisimama mahali pake, visigino vimegusana, mikono kiunoni. Mvulana wa kwanza akapiga. Mpira ukagonga goti la kushoto ukarudi. Wa pili akapiga, ukagonga. Wa tatu akapiga, ukabana katikati ya miguu na kubaki hapo, mpwa wangu akautoa mwenyewe kwa mikono.

"Goli limekuwa dogo," alisema mwenye mpira.

"Piga taratibu," mpwa wangu alisema. "Ukipiga taratibu unapita."

Wakajaribu taratibu. Hakuna anayetaka kupiga taratibu. Kukawa na ubishi, mmoja akasema hilo ni bao, mwingine akasema si bao, na mvulana yule aliyekuwa anakunywa maziwa yake akaenda nyuma ya jiko, akarudi na matofali mawili. Aliyaweka chini bila ubaya. Hata alimwambia pole.

Mpwa wangu alikuja barazani akichechemea kwa ule mguu wa kulia, akakaa karibu yangu, kwenye kivuli, ameinyoosha miguu mbele. Mmoja ulielekea kuwa mguu ulionyooka. Mwingine ulikuwa kama ulivyokuwa. Tulitazama mchezo.

"Kaa pale kwenye jua," nilimwambia baada ya muda.

Hakubisha. Alijisogeza kwa makalio mpaka kwenye ukingo wa baraza, jua likamshika magotini, akafumba macho na kukunja uso, kama anavyofanya akimeza kidonge.